Somo: Barua Pepe ya Kikundi Iwe na Kufuli na Sahihi

Ndugu wanachama, siku hizi vikundi vyetu vya Kitengela na Kajiado hutuma mambo mazito kwa barua pepe: namba za vitambulisho, akaunti ya benki, hata nakala ya hati ya shamba. Lakini barua pepe ya kawaida ni kama postikadi. Kampuni inayoibeba inaweza kuisoma, na tapeli anaweza kujiita katibu akaandika, "Akaunti imebadilika, tumeni pesa hapa." Akiba ya mwaka mzima ikienda hivyo, kuirudisha ni kazi. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 nayo inamtaka anayeweka habari za watu azilinde.

Inafanyaje kazi?

Kila mtu hutengeneza funguo mbili. Ufunguo wa wazi ni kama kufuli iliyofunguliwa: mpe yeyote, akufungie barua nayo. Ufunguo wa siri unabaki kwako, na huo tu ndio unaofungua. Sahihi huenda kinyume: unaitia kwa ufunguo wa siri, wengine wanaihakikisha kwa ule wa wazi. Hata tarakimu moja ya akaunti ikibadilishwa njiani, sahihi inakataa. Phil Zimmermann wa Marekani aliwaletea watu wa kawaida njia hii mwaka 1991 kwa programu yake ya PGP.

Kuchagua

Kikundi chenye kompyuta yake kinaweza kutumia Thunderbird. Ni ya bure, na tangu 2020 ina kazi hii ndani yake. Wanaotumia simu wajaribu Proton Mail: barua kati ya wenye akaunti zake hujifunga zenyewe. Ukimwandikia mtu wa nje, usidhani imefungwa vilevile. Basi kabla ya kuchagua, ulizeni kwanza mnayeandikiana naye anatumia nini.

Kutumia Thunderbird

1. Tengeneza funguo, uzilinde kwa neno la siri refu. Usifanye hivi kwenye kompyuta ya saiba.

2. Weka nakala ya ufunguo wa siri kwenye flashi, mwifungie ndani ya sanduku la akiba. Ufunguo ukipotea bila nakala, barua zilizofungwa hazitafunguka tena, hata kampuni haitaweza kusaidia.

3. Pelekeaneni funguo za wazi. Kisha someaneni alama ya ufunguo, ile ya herufi na tarakimu 40, ana kwa ana au kwa namba ya simu mnayoijua. Msiruke hatua hii, kwa maana tapeli naye anaweza kutengeneza ufunguo akaupa jina la mwekahazina.

4. Kabla ya kutuma, chagua kufunga na kutia sahihi. Usiweke siri kwenye kichwa cha barua. Pia jueni kwamba anwani za mwandikaji na mpokeaji huonekana.

Tahadhari

Sahihi inaonyesha ufunguo uliotumika, haisemi kama maneno ni ya kweli. Kompyuta inaweza kuibwa, na ofisa anaweza kushawishika. Kwa hiyo akaunti ikibadilika, pigeni simu, na kikao kikubali kabla shilingi haijatoka.

Tujadiliane

- Ni habari gani za wanachama tunazotuma bila kufunga?
- Nani atashika ufunguo wa siri, na uchaguzi mpya ukifanyika tutafanyaje?
- Ni habari gani hazifai kutumwa kabisa?