Kiwanda Kikiondoka, Nani Atalipa?

Tulikuwa na kikundi kimoja cha akina mama tukizungumza juu ya kiwanda cha kuunganisha redio na simu ambacho walisikia kitajengwa karibu nao. Mama mmoja akauliza, "Kwani kampuni kubwa namna hiyo haina bima? Mtu akiumia si atalipwa?" Wengi wakatikisa kichwa kukubali. Swali ni zuri na jibu lake si fupi, kwa hiyo tumelifanya kuwa somo la toleo hili.

Kiwanda cha vifaa vya elektroniki huonekana kisafi. Hakuna moshi mweusi, na wafanyakazi wamevaa koti jeupe na glavu. Lakini ndani kuna asidi, kuna lehemu ambayo mara nyingi imekuwa na madini ya risasi, na kuna dawa kali za kuondoa grisi kwenye vyuma. Baadhi ya dawa hizo ni nzito kuliko maji. Zikimwagika zinazama polepole mpaka kwenye maji ya chini ya ardhi, na huko zinaweza kukaa miaka mingi. Kwa macho huoni kitu.

Sasa tuje kwenye bima. Kampuni nyingi zina bima ya kawaida ya kulipa mtu wa nje anayeumizwa na shughuli zao. Mgeni akiangukiwa na boksi pale stoo, bima hiyo inalipa. Uchafuzi ni jambo lingine. Huko Marekani, kuanzia 1973 mikataba ya kawaida ilisema italipa uchafuzi wa ghafla na wa ajali tu. Tangi likipasuka leo, sawa. Je, likivuja tone kwa tone miaka kumi? Mawakili walibishana sana kortini juu ya hilo. Mwaka 1986 kampuni za bima zikaweka kifungu kipya kinachokataa karibu uchafuzi wote. Mwenye kiwanda anayetaka kujikinga anunue bima ya pekee ya uchafuzi. Hiyo inaweza kulipa matibabu na fidia ya majirani, kusafisha udongo na maji, na mawakili pia.

Basi tuulize tu kama bima hiyo ipo, yaishe? Hapana, ngoja kidogo. Hapa hata mimi nilihitaji kuelezwa mara mbili. Matatu ikimgonga mtu Jumanne, bima iliyokuwa hai Jumanne ndiyo inayolipa, hata kesi ikisikizwa miaka mitatu baadaye. Bima ya uchafuzi mara nyingi haiko hivyo. Inalipa ikiwa iko hai siku dai linapoletwa. Mwenye kiwanda akiacha kulipia, au akifunga na kwenda zake, dai la baadaye halina mahali pa kugonga hodi, isipokuwa alinunua muda wa nyongeza wa kudai. Tena mikataba mingi ina tarehe ya nyuma: uchafuzi ulioanza kabla ya tarehe hiyo haulipwi.

Na magonjwa haya hayana haraka. Tazama kiwanda cha RCA, kampuni ya Marekani, kule Taoyuan nchini Taiwan, kilichotengeneza vifaa vya televisheni. Mwaka 1986 RCA ilinunuliwa na General Electric, na baadaye biashara ya televisheni ikauzwa kwa Thomson ya Ufaransa. Kiwanda kikafungwa 1992. Habari kwamba udongo na maji vimechafuliwa zilitoka 1994, kiwanda kimeshafungwa. Wafanyakazi wa zamani, wengi wao wanawake, na wengine wakiugua saratani, walipeleka kesi mahakamani 2004. Mahakama ya Taipei iliamuru walipwe zaidi ya dola milioni 500 za Taiwan, lakini hiyo ilikuwa 2015. Hesabu mwenyewe: kutoka kufungwa mpaka hukumu ni miaka 23. Wako waliokufa wakingoja.

Tusiseme hayo ni ya mbali. Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu za magari kilianza 2007 na kufungwa 2014, na risasi ikabaki ndani ya udongo na ndani ya damu ya watoto. Mwaka 2020 mahakama ya mazingira iliamuru fidia ya shilingi bilioni 1.3. Mahakama ya Rufani ikaigeuza 2023, na Mahakama ya Juu ikairudisha Desemba 2024. Sehemu ya mzigo iliwekwa juu ya taasisi za serikali. Yaani kiwanda kimeenda, na mlipa kodi ameitwa mezani.

Sheria yetu ya mazingira ya 1999, kifungu cha 28, inamruhusu Waziri wa Fedha kuweka utaratibu wa wenye viwanda kutoa amana ya fedha kama dhamana ya kutunza mazingira. Amana haijali bima imekwisha lini. Kwa maoni yangu, jamii iulizie amana kwanza, bima baadaye. Lakini zote mbili ziulizwe mapema, wakati ripoti ya athari kwa mazingira inapotangazwa na wananchi wanaitwa kutoa maoni. Baada ya leseni kutoka, nguvu yenu inapungua sana.

Kwa mkutano ujao wa kikundi, andikeni barua moja fupi kwa mwenye kiwanda, nakala kwa NEMA na kwa chifu. Mwulizeni: bima yako inalipa uchafuzi wa polepole, au wa ghafla tu? Inalipa mpaka kiasi gani? Ukifunga, sisi tutakuwa na miaka mingapi ya kudai? Na maji ya visima vyetu yatapimwa na nani kabla hujaanza kazi, ili tuwe na kipimo cha kulinganisha? Hilo la mwisho msiliache. Asiye na kipimo cha kwanza atapata taabu kuthibitisha kwamba maji yalibadilika. Barua ipigwe muhuri wa kupokelewa, na nakala yenu iwekwe kwa katibu.