SOMO LA ARDHI: KONTENA LIKISHATOKA BANDARINI HUWEKWA WAPI?

Masheha wa Wilaya za Mjini na Magharibi wanalijua vyema lalamiko hili: kontena limeteremshwa usiku katika uwanja ulio baina ya nyumba, na asubuhi gari la taka haliwezi tena kupita. Mwenye mali akiulizwa huonesha hati zake za bandarini. Ushuru umelipwa, na kila karatasi imepigwa muhuri. Asemayo ni kweli tupu, ila hati hizo zinahusu mzigo uliomo ndani ya kontena, wala hazisemi neno juu ya ardhi litakapokaa. Ruhusa ya kutoa mzigo bandarini si ruhusa ya kuuweka mahali popote, na kutofahamika kwa jambo hili moja ndiko kunakozaa ugomvi mwingi wa majirani.

Ifahamike kwamba mji wa Zanzibar haukupangwa kwa ajili ya makontena. Gati ya Malindi ilijengwa katika miaka ya 1920, zama ambazo mzigo ulifika kwa magunia na makasha ya mbao na kubebwa na mahamali. Vipimo vya makontena vinavyotumika ulimwenguni vilianza kukubaliwa mwishoni mwa miaka ya 1960. Eneo la Malindi halina pa kutanukia kwa urahisi: mbele ni bahari, na nyuma ni Mji Mkongwe, ulioingizwa katika Orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2000. Kwa hiyo makontena hutafuta nafasi nje ya uzio wa bandari, na huko nje ndiko watu wanakoishi.

Msingi wa kanuni za mipango uliwekwa na Dikrii ya Mipango ya Miji na Vijiji ya mwaka 1955. Maana ya kupanga ni kwamba kila eneo huwekewa matumizi yake: makaazi, biashara, viwanda, kilimo, na sehemu za wazi. Nayo Sheria Nam. 12 ya mwaka 1992 imetamka kuwa ardhi ni mali ya umma, na mwananchi hupewa haki ya kuitumia. Mwenye haki hiyo analazimika kufuata masharti yaliyoambatana nayo.

Wapo wanaohoji kwamba kontena si nyumba. Halina msingi wala paa la kuezeka, na laweza kuondolewa siku yoyote. Hoja hii husikika sana, na si ya kupuuzwa. Lakini mpango wa ardhi hautazami matofali peke yake, bali hutazama pia kinachofanyika mahali hapo. Kontena moja lililowekwa ndani ya kiwanja kuhifadhi saruji hadi nyumba imalizike kujengwa ni sehemu ya ujenzi ule. Kontena hilohilo likitobolewa dirisha na kuuzwa soda limekuwa duka. Kiwanja kinachopokea makontena ya watu wengine kwa malipo kimekuwa bohari, hata kama hakuna jiwe lililosimamishwa, na bohari haina nafasi katikati ya makaazi.

Sababu yake si uzuri wa mji pekee. Kontena la futi 20 lina urefu wa mita 6 na upana wa karibu mita 2.4, na likiwa tupu huwa na uzito wa tani 2 na zaidi. Likijaa laweza kufikia tani 24, au hata 30. Uzito huo haukai juu ya sakafu yote, bali hubebwa na pembe nne, kila moja ikiwa na upana wa sentimita 18 kwa 16 tu. Yakipandishwa makontena matatu ya tani 24, kila pembe ya chini hubeba tani 18. Udongo wa kawaida hudidimia, tena hudidimia upande mmoja kabla ya mwengine, hasa msimu wa masika. Mashine kubwa zinazoyanyanyua zina uzito wa tani 70 hivi kabla hazijabeba chochote, na njia ya mtaa haikutengenezwa kwa uzito huo.

Maji nayo yanahitaji kuangaliwa. Tangu enzi ya Sayyid Barghash mji umekuwa ukinywa maji ya chemchemi za upande wa Bububu, na visima vingi vimechimbwa katika mawe ya matumbawe ambayo hupitisha haraka kila kinachomwagika juu yake. Mafuta ya mashine yaliyomwagika katika uwanja wa makontena usio na sakafu wala mtaro hayakai pale yalipoanguka.

Tena wapo watoto. Baadhi ya makontena hufukizwa dawa za kuua wadudu, kama vile methili bromidi na fosfini, na gesi yake yaweza kubakia ndani baada ya safari. Mlango wake hufungwa kwa nje. Mtoto aliyejificha ndani akicheza hana namna ya kuufungua, na bati juani huwa kama tanuri. Mzazi hahitaji kuelezwa zaidi.

Kwa hiyo mwenye kukusudia kuweka kontena aanze kwa Sheha wa shehia yake kabla ya kukodi gari, akiwa na hati ya kiwanja na maelezo ya matumizi na muda. Suala la matumizi ya ardhi hupelekwa kwa Kamisheni ya Ardhi, na la njia na biashara kwa Baraza la Manispaa au la Mji. Ndani ya Mji Mkongwe ipo Mamlaka yake ya Hifadhi, na uwanja mkubwa wa kuhifadhia makontena hutazamwa pia na mamlaka ya mazingira. Jirani naye anayo haki ya kuuliza kama ruhusa imetolewa. Aulize kwa Sheha, asigombane na dereva, kwani dereva ameagizwa tu.