SOMO: FRANKA MBILI YA TEMBO HAIKO ZAHABU



Mwezi uliopita mwenzetu mmoja alikaribia kutoa makuta yote ya minervali yake kwa mtu aliyemwonyesha sokoni sarafu moja yenye kung'aa sana. Mtu yule alisema, "Hii ni zahabu ya wakoloni." Kwetu Maniema zahabu iko kweli, kama kule Namoya, basi ni rahisi kuamini.

Lakini sarafu ile tunaijua. Iko na pande sita, na tembo, na mwaka 1943. Ni franka mbili ya Kongo ya Wabelgiji. Mwaka ule Ubelgiji ilikuwa mikononi mwa Wajerumani, kwa hiyo sarafu hizi zilipigwa Marekani, mjini Philadelphia, nazo zilikuwa milioni 25. Zahabu ya sarafu milioni 25 ingetoka wapi, tena za kununulia chumvi? Ni shaba nyekundu iliyoyeyushwa pamoja na zinki, ndiyo maana ni ya manjano.

Sumaku haisaidii kitu: haivuti shaba, wala zahabu haiivuti. Sisi tuliazima sarafu kumi nyumbani, tukazipima kwenye mizani ya maabara, kisha tukazitumbukiza ndani ya chombo cha vipimo chenye maji na kuangalia maji yamepanda kiasi gani. Gawanya gramu kwa mililita. Tulipata kati ya 8 na 9. Zahabu safi ingetoa 19. Mabishano yakaisha.

Basi haina bei? Iko nayo, lakini kidogo. Sokoni haipiti tena. Franka yetu ya leo ni karatasi tu. Wenye kukusanya sarafu za zamani huangalia kama masikio ya tembo na herufi bado vinaonekana wazi. Ile kubwa ya franka 50, ya 1944, ni jambo lingine: nusu yake ni madini ya fedha kweli.

Tafadhali, msisugue. Mmoja wetu alisugua ya babu yake kwa ndimu na majivu. Iling'aa siku chache, kisha ikapata madoa, na jicho la tembo limefutika. Maji na sabuni kidogo yanatosha. Ikaushe kwa kitambaa laini, ishike ukingoni, uifunge peke yake katika karatasi kavu, mbali na chumvi.

Zile kumi ziko maabara mpaka Ijumaa. Wenyewe waje kuzichukua.