Nianzie wapi kuandika historia ya kwetu?

SWALI: Nataka kuandika historia ya kijiji chetu wilayani Ngara, miaka ya wakimbizi. Kila nikianza, inatoka kama kitabu cha darasa la sita. Nifanyeje?

JIBU: Acha "hapo zamani za kale". Anza na kitu kimoja. Chukua jina Benaco: si la Kihangaza wala Kishubi, ni la kampuni ya Kiitalia ya ujenzi wa barabara, na kambi ya wakimbizi ikalirithi. Hapo tayari una hadithi.

Mwishoni mwa Aprili 1994, wakimbizi wapatao 250,000 kutoka Rwanda walivuka daraja la Rusumo kwa takribani siku moja. Tarakimu hiyo haimwambii msomaji kitu mpaka bibi yako aeleze kuni zilipatikana wapi baada ya hapo, na debe la mahindi lilibadilishwa na nini. Muulize hayo, usimuulize "ulijisikiaje". Mrekodi kwa lugha yake, kisha ndipo utafsiri.

Wazee wengi hawahesabu kwa kalenda. Akisema "mwaka ule", uliza mtoto gani alikuwa mgongoni, uoanishe na mwaka aliozaliwa mtoto huyo. Kisha linganisha na makaratasi ya Nyaraka za Taifa, Dar es Salaam.

Ubunifu uko kwenye mpangilio na uteuzi wa maneno. Mazungumzo ambayo hukuyasikia wala kusimuliwa, usiyatunge. Wasimulizi wawili wakipishana, andika maelezo ya wote wawili.

Nenda kwa bibi wiki hii, makaratasi yatakusubiri.