SOMO: TOPE LENYE SUMU MTONI NA ZIWANI – KAZI YA KULISAFISHA IANZIE WAPI?



Somo hili ni kwa ajili ya bodi, makatibu na wanachama wa vyama vya msingi vya wakulima na wavuvi katika bonde la mto Luiche, Ujiji, Kigoma na vijiji vya mwambao. Yafaa lisomwe kwa sauti mkutanoni, kisha maswali ya mwisho yajadiliwe. Shabaha yake ni kuonyesha kwamba uchafu ukiisha kutulia chini ya maji, kuuondoa ni kazi ngumu yenye gharama kubwa, na kazi hiyo haina faida iwapo chanzo cha uchafu hakijafungwa.

1. Mashapo ni nini?

Mto uendao kasi hubeba udongo, mchanga na majani. Ufikapo ziwani kasi hupungua na mzigo huo huzama. Kilichozama ndicho kiitwacho mashapo. Mashapo yenyewe si adui; ndiyo yaliyorutubisha mabonde tunayolima mpunga. Lakini chembe ndogo za tope hunasa vitu vingine: oili chafu, zebaki, risasi ya betri, na dawa za kuulia wadudu. Maji ya juu yaweza kutakata baada ya siku chache, ilhali tope la chini lingali limeshika sumu kwa miaka mingi. Kwa lugha ya vitabu vyetu vya hesabu, maji ni mapato na matumizi ya siku, bali tope ni salio linalohamishwa mwaka hata mwaka.

2. Kwa nini jambo hili ni zito kwetu?

Ziwa Tanganyika lina kina kinachofikia mita 1,470 hivi, na duniani linazidiwa na ziwa Baikal tu. Mto utokao humo ni mmoja, Lukuga, upande wa Kongo. Maji mengi zaidi huondoka kwa mvuke, na mvuke haubebi udongo wala zebaki. Basi kiingiacho hukaa. Tena, upande wa kaskazini oksijeni huisha kiasi cha mita 100 kwenda chini, na upande wa kusini kiasi cha mita 200. Samaki wote huishi katika tabaka la juu, na wengi huzaa kandokando ya mwambao, penye mawe na mchanga. Hapo ndipo mito inapotua mzigo wake. Mawe yakifunikwa na tope, samaki hukosa malisho na mahali pa kuzalia.

Mfano tunao jirani. Mwishoni mwa miaka ya 1990 wataalamu walilinganisha kijito cha Mwamgongo, kipitacho katika mashamba ya mteremkoni, na kijito cha Mitumba, kilichomo katika msitu wa Hifadhi ya Gombe. Vijito hivyo ni majirani, na mvua yao ni moja. Lakini cha Mwamgongo kilibeba udongo mwingi zaidi kwa mbali. Tofauti ilikuwa miti.

3. Njia tatu za kusafisha

(a) Kulichimba tope na kuliondoa. Hufaa penye sumu kali, ila mashine ikilikoroga ovyo, sumu iliyolala huamka na kuingia tena majini. Tope lililotolewa nalo lahitaji mahali salama pa kuwekwa.

(b) Kulifunika kwa tabaka la mchanga safi. Hufaa penye maji matulivu, si kwenye mlango wa mto ufurikao kila masika.

(c) Kuliacha lifunikwe na mashapo safi, huku likipimwa mara kwa mara. Njia hii haifai mahali ambapo uchafu mpya ungali unaingia.

Tujifunze kwa Wajapani. Kiwanda kilimwaga zebaki katika ghuba ya Minamata hadi mwaka 1968. Watu waliokula samaki wa ghuba hiyo waliugua na kufa, na ugonjwa ulitambuliwa rasmi mwaka 1956. Kuchimba na kufukia tope kulianza mwaka 1977 na kukamilika mwaka 1990: kiasi cha mita za ujazo milioni 1.5, zilizofanya ardhi mpya ya hekta 58. Ghuba ilisafishwa, waliokufa hawakurudi.

4. Utaratibu unaopendekezwa

Kwanza, chanzo kifungwe. Oili chafu ya mashine za mitumbwi ikusanywe katika mapipa mwaloni. Mabaki ya kukamulia mawese yafukiwe shimoni mbali na mto. Mashamba ya mteremko yawekewe makingamaji. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 hairuhusu shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto au ziwa, wala shughuli nyingine ziwezazo kuharibu mazingira hayo.

Pili, tope lipimwe. Macho hayawezi kutofautisha udongo wa shamba na tope lenye zebaki. Maombi yapelekwe kwa Bodi ya Maji ya Bonde la Ziwa Tanganyika, na NEMC ijulishwe.

Tatu, kabla ya majibu ya vipimo chama kisilipe vibarua kuchota tope, wala kulisambaza katika mashamba ya mpunga. Kufanya hivyo ni kuihamisha sumu kutoka nyavuni kuipeleka sahanini.

5. Wajibu wa vyama

Udongo unaompotea mkulima wa juu ni hasara mara mbili: yeye hupungukiwa mavuno, na mvuvi wa chini hupungukiwa samaki. Haifai basi vyama hivi kulaumiana. Bodi zao zikutane, na gharama za makingamaji ziingizwe katika makisio ya mwaka na kupitishwa na mkutano mkuu. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Maswali ya kujadili

1. Ni uchafu gani unaoingia katika mto wetu, na unatoka wapi?
2. Oili chafu ya mwaloni kwetu humwagwa wapi?
3. Ni chama gani cha juu au cha chini ya mto tunachopaswa kukutana nacho mwaka huu?
4. Makisio yetu yana fungu la kazi hii? Kama halimo, nani atalipendekeza mkutanoni?