Mkanda wa Mashini ya Kusaga Muhindi

Mwenye mashini ya kusaga anajua sauti hii: muhindi ukijaa kinywani mwa mashini, mkanda unalia, mpira unanuka kuungua, na unga unatoka kidogo kidogo. Watu wanasema: mkanda umelegea, kaza! Wanakaza. Baada ya siku chache unalia tena, kisha unakatika, na wanawake waliokuja na vikapu wanarudi navyo vile vile. Mara nyingi ubaya si kulegea. Puli mbili, ya moteri na ya mashini, hazikai katika mstari mmoja.

Zima moteri kwanza. Ngoja hata vyote visimame kabisa, ndipo utie mkono.

Twaa uzi mrefu, uuvute sana juu ya nyuso za puli zote mbili. Shurti uguse mahali 4: kingo mbili za puli hii, kingo mbili za ile. Kama mahali pamoja pana nafasi, moteri imepinda. Legeza bulo za miguu yake, uisukume polepole. Lakini angalia: kama kingo za puli moja ni nene kupita za nyingine, uzi utakudanganya. Hapo pima toka uzi mpaka katikati ya mfereji wa kila puli. Upotovu wa milimeta 8 katika meta 1 ndio mwisho. Ukizidi, mkanda unalika ubavu.

Sasa kaza. Bonyeza mkanda kwa kidole gumba katikati ya puli mbili. Kama nafasi kati yao ni sentimeta 50, ushuke milimeta 8. Kama ni meta 1, milimeta 16. Ukikaza kupita hapo, ekseli zinapata moto na rulema zinakufa, nazo ni ghali kuliko mkanda. Ukiisha kufunga bulo, rudisha uzi tena, maana moteri hupenda kugeuka wakati wa kuzifunga.

Wengine wanapaka ulimbo ili mkanda ushike. Mimi nasema hapana. Mkanda mwembamba chini unashika kwa mbavu zake, si kwa tumbo. Ukiona chini ya mfereji panang'aa, tumbo linagusa: mkanda au puli imekwisha. Na mikanda ikiwa 2 au 3 pamoja, badili yote siku moja, maana mpya peke yake utavuta mzigo wote.

Usiingize mkanda mpya kwa kuupenyeza na chuma. Sogeza moteri karibu. Usaga nusu saa, zima, upime tena, na kesho yake vile vile, kwa sababu mkanda mpya unarefuka.