Mteja Anapotaka Bango Lijae Pomoni

Mteja akikwambia, "Jaza nafasi yote fundi, nimeilipia," kwa upande wake ana haki. Amelipia bati la futi 8 kwa 2, na kila inchi isiyo na neno anaiona ni hasara. Ukianza kumwimbia habari za uwiano na mpangilio, atadhani unakwepa kazi. Ukinyamaza ukamfanyia anavyotaka, baada ya miezi michache atalalamika kwamba watu wanalipita duka lake bila kujua linauza nini, na sifa itakayochafuka mtaani ni yako. Kumweleza mteja vipimo ni sehemu ya kazi, na ifanyike kabla hujapokea advansi.

Acha kabisa kubishana naye juu ya uzuri, maana kila mtu ana wake. Zungumzia umbali. Muulize: unataka nani alisome bango hili, naye atakuwa amesimama wapi? Wengi hawajawahi kuulizwa hivyo. Kama duka liko jirani, nenda naye. "Bosi, hebu tuvuke barabara mara moja." Mkiwa ng'ambo, mwache asome mabango ya jirani zake kwa sauti. Atakwama mwenyewe, bila wewe kumkosoa mtu.

Mafundi wa mabango wana kanuni ya siku nyingi: inchi 1 ya kimo cha herufi kwa kila futi 10 za umbali. Kwa sentimita ni 2.5 kwa kila mita 3. Mbali zaidi ya hapo herufi bado huonekana, ila msomaji itabidi akaze macho, na mpita njia hana sababu ya kukazia macho duka asilolijua.

Sasa ifanyie hesabu karatasi aliyokuletea. Tuseme ni duka la spea, naye anataka mistari mitano: jina, aina ya bidhaa, "jumla na rejareja", namba za simu, na mtaa. Bango lina sentimita 244 kwa 61. Toa 6 juu na 6 chini za pambizo, zinabaki 49. Mistari mitano ina mianya minne katikati. Kila mwanya ukiwa wa sentimita 4, zimeondoka 16. Zilizobaki ni 33, ukigawa kwa mitano unapata herufi za sentimita 6.6. Hizo husomeka vizuri kwa umbali wa mita 8 hivi. Kama ng'ambo ya barabara ni mita 20, bango zima litasomwa na aliyekwisha kufika mlangoni.

Mpe mbadala papo hapo. Jina sentimita 22, bidhaa 10, simu 8, na mianya miwili ya sentimita 4.5. Jumla ni 49 zilezile. Lakini sasa jina linasomeka mita 26, bidhaa mita 12, na namba ya simu mita 10 hivi, mahali ambapo mtu husimama akatoa simu yake mfukoni. Kilichotolewa ni "jumla na rejareja" na mtaa. Mtaa, kusema kweli, msomaji anauona kwa macho yake, yuko hapohapo. Na namba ya simu iwe moja. Namba nne kwenye bango moja sijawahi kuona zikimsaidia mtu.

Akiwa na duka kando ya barabara kubwa, mwongezee hesabu ya mwendo. Daladala ikienda kilomita 50 kwa saa, hukata karibu mita 14 kila sekunde. Abiria mwenye sekunde tatu za kutazama dirishani ameshasogea mita 40 na ushee. Muda huo unatosha jina na neno moja la biashara, basi.

Bado atauliza kwa nini pembeni pabaki patupu. Mwonyeshe kanga. Ina pindo lililozunguka, ina mji katikati, na jina limepewa nafasi yake peke yake, halibanwi na maua. Hajatokea mtu akadai kwamba nafasi inayolizunguka jina la kanga ni kitambaa kilichopotea. Pambizo la bango hufanya kazi hiyohiyo ya kuyatenga maneno na vurugu za ukuta, nyaya na mabango ya jirani. Kwa kawaida mimi naacha sehemu moja ya kumi ya kimo cha bango kila upande, na zaidi kidogo kushoto na kulia.

Kuna shida nyingine inayokuja kwa simu: mteja anatuma picha au tangazo lililochapwa kwenye karatasi ya A4, anataka "hivyohivyo" kwenye bango refu. A4 ni milimita 210 kwa 297. Ukiilaza, upana wake ni mara 1.4 ya kimo. Bango la futi 8 kwa 2 upana wake ni mara nne ya kimo. Ukiivuta A4 hiyo mpaka ijae, kila kilichomo kinatanuka karibu mara tatu kwa upana. Nembo ya duara inakuwa yai, na uso wa mwenye duka unakuwa wa mtu ambaye mkewe hatamtambua. Usimweleze kwa maneno. Fungua CorelDRAW mbele yake, ishike picha yake kwa kitufe cha pembeni uivute, acha aone mwenyewe, kisha irudishe na uikuze kwa kuishika kwenye kona. Atakubali kwamba tangazo lipangwe upya.

Herufi nazo ni hivyo. Jina likiwa refu, usilibane kwa nguvu liingie. Ukibana herufi kwa upana, mistari yake ya wima inakonda huku ya mlalo ikibaki na unene uleule, na E inaonekana kama ina ugonjwa. Chagua fonti iliyochorwa nyembamba tangu mwanzo, au punguza kimo.

Wapo pia wateja wenye futi kamba. Atapima akute jina limekaa juu kidogo ya katikati, na herufi O imeuzidi mstari kwa milimita chache, aseme umekosea. Mweleze kwa upole kwamba jicho halioni kama futi: kilichowekwa katikati kabisa huonekana kimeshuka, na O iliyolingana sawasawa na I huonekana fupi. Asiposadiki, mchoree zote mbili achague. Mara nyingi atachagua ile uliyoichora wewe.

Kwenye bei, angalizo moja. Mteja akisema "nifanyie mara mbili ya hili", hakikisha mnaelewana. Bango la futi 4 kwa 2 lina futi za mraba 8. Ukizidisha mara mbili pande zote linakuwa 8 kwa 4, futi za mraba 32, yaani mara nne ya bati, ya rangi au stika, na karibu ya bei. Ugomvi mwingi wa malipo unaanzia hapo.

Njia inayomaliza ubishi kuliko zote haina gharama. Chapa mchoro kwa kipimo cha 1 kwa 10. Bango la futi 8 kwa 2 linakuwa sentimita 24.4 kwa 6.1, linaenea kwenye A4 ya kawaida. Umbali nao ugawe kwa kumi: mita 20 za ng'ambo ya barabara zinakuwa mita 2. Bandika ukutani karatasi mbili, ya mistari mitano na ya mistari mitatu, mrudishe mteja nyuma hatua mbili tatu hadi mita 2 zitimie, na umwombe asome. Usiseme neno mpaka amalize.

Akishachagua, andika vipimo kwenye karatasi hiyohiyo: upana na kimo cha bango, kimo cha kila mstari, maneno yote yalivyo pamoja na namba ya simu tarakimu kwa tarakimu. Mwombe asaini, kila mmoja abaki na nakala yake, ndipo upokee advansi na ukate bati.